Istilahi za Kwanza za Sanaa za Kuona: Jinsi ya Kuzijifunza kwa Jicho na kwa Mkono

Anayeanza kujifunza sanaa za kuona hukabidhiwa maneno mengi kwa mara moja, kama vile mstari, umbo, rangi, nafasi na mizani, akayakariri bila kuyaona popote. Njia iliyo bora ni kuichukua kazi moja ya sanaa, kuitazama kwa utulivu, kulitafuta kila neno ndani yake, kisha kulijaribu kwa mkono wako. Hapa nitatumia hasa picha za Tingatinga, kwa sababu hatua za utengenezaji wake huonekana wazi hata kwa mtu asiyewahi kushika brashi.

Mtindo huo ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki dunia mwaka 1972. Alitumia rangi ya mafuta inayong'aa, ya aina inayopakwa baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Waliojifunza kwake waliuendeleza mtindo huo, na mpaka leo mafundi wa Oysterbay, eneo la jiji hilo, huweza kuonekana wakifanya kazi hiyo hadharani.

Anza na mstari, yaani alama inayoachwa na ncha ya penseli au brashi inaposafiri juu ya karatasi. Mstari unaweza kuwa mnene au mwembamba, ulionyooka au uliopinda, na kila namna ina athari yake machoni: shingo ya twiga ikichorwa kwa mstari mmoja mrefu usiokatika hupata utulivu, ilhali mistari mifupi iliyochongoka kwenye manyoya ya ndege huleta msukosuko. Mchore kuku aliyesimama bila kuinua penseli hata mara moja, nawe utaona jinsi jicho linavyolazimika kuufuata ukingo wa mwili wake. Mstari unaporudi ulikoanzia huzaa umbo. Katika picha za Tingatinga maumbo mengi ni bapa, hayana kivuli, na hilo si udhaifu hata kidogo, kwa maana ndilo linalompa mchoraji uwanja safi wa kupanga madoa na rangi.

Ukitaka umbo lionekane kuwa na unene, unahitaji mwanga na kivuli, na zoezi ninalolithamini kuliko mengine yote ni la yai. Liweke yai jeupe juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, mwanga utoke upande mmoja tu. Litazame huku umefinya macho. Utaona sehemu inayong'aa kuliko zote, kisha weupe unaofifia polepole, kisha ukanda wenye giza zaidi. Lakini ukingoni kabisa, upande wa chini, giza hilo hupungua tena kidogo, kwa sababu karatasi inarudisha mwanga juu ya yai. Wanaoanza karibu wote huisahau sehemu hiyo ya mwisho, na ndiyo maana mayai yao huonekana kama sahani. Mwisho kuna kivuli kinacholala juu ya karatasi, ambacho huwa cheusi zaidi pale yai linapoigusa. Tumia penseli laini, 2B au 4B, na ujenge giza kwa matabaka badala ya kukandamiza.

Rangi za msingi ni nyekundu, njano na buluu. Njano na buluu huzaa kijani, nyekundu na njano huzaa rangi ya chungwa, nyekundu na buluu huzaa zambarau. Rangi pinzani, kama nyekundu na kijani, zikikaa jirani hupandishana nguvu, lakini zikichanganywa huuana na kuwa kahawia, ambayo hufaa sana kwa udongo na magome ya miti. Pamoja na aina ya rangi, angalia ukolevu wake na kiasi cha mwanga kilichomo: ipige picha yako kwa simu, uiondoe rangi, na kama mnyama amepotea ndani ya mandhari ya nyuma, tatizo ni mwanga wala si rangi uliyoichagua. Unapotumia rangi ya mafuta, paka mandhari ya nyuma kwanza na uiache ikauke kabisa, kisha umbo la mnyama, na madoa yaje mwisho kwa brashi nyembamba. Ukiharakisha, rangi zitaingiliana na kuchafuka. Fanya kazi hiyo mahali penye hewa ya kutosha.

Nafasi ni sehemu zilizojazwa pamoja na zile zilizoachwa wazi. Mfano ulio wazi zaidi ni kinyago cha Kimakonde cha mtindo wa ujamaa, ambapo watu wengi waliobebana huchongwa katika gogo moja la mpingo, na matundu kati ya mikono na miili yamekusudiwa kama miili yenyewe. Jaribu kuyachora matundu hayo peke yake. Watu watajitokeza bila kuchorwa. Katika picha ya mandhari, kina huanza na mstari wa upeo, ambao daima huwa sawa na urefu wa macho ya mtazamaji, na kingo za barabara iliyonyooka huonekana kukutana kwenye nukta moja juu yake.

Kuhusu mpangilio, tandika kanga chini. Pindo linazunguka pande zote nne, mji, yaani uwanja wa ndani, uko katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa, limekaa sehemu ya chini ya mji. Pindo hulizuia jicho lisitoroke, mrudio wa maua hutoa mdundo, na picha kubwa ya katikati hubeba mkazo. Mara nyingi nusu ya kulia hufanana na ya kushoto, na huo ndio ulinganifu. Mizani ni pana zaidi: tembo mmoja mkubwa upande wa kushoto anaweza kusawazishwa na ndege wadogo wekundu upande wa kulia, kwa kuwa rangi kali nayo ina uzito. Kata karatasi katika maumbo ya tembo na ndege hao, uyasogeze juu ya ubao mpaka uridhike, na hapo ndipo uchukue penseli.