Kisu na Funguo: Vikae Pamoja, Viachane Upesi

Mimi ni mtunza jengo. Kiunoni nina shada la funguo za lango, stoo, chumba cha pampu, mlango wa paa na za kwangu mwenyewe. Kisu cha kukunja nacho hakibaki nyumbani, maana kutwa nzima ni kukata: kamba, gundi ya maboksi, ganda la waya. Wengi huvifunga vyote kwenye pete moja. Mimi pete moja siitaki.

Kisu kilichofungwa moja kwa moja kwenye shada hukata kikiwa na mzigo. Funguo zinayumba, zinauvuta mpini, na ufunguo mmoja mrefu haukosi kujipenyeza kati ya kidole na bapa. Mkono unaotakiwa kutulia ndio unaobeba chuma chote. Halafu kuna milango ambayo kisu hakipiti na funguo ni lazima zipite.

Kwa hiyo weka pete kubwa ya funguo, pete ndogo ya kisu, na katikati kibanio chenye ulimi wa springi, kama kile cha mkanda wa begi. Ubonyeze ulimi kwa kidole gumba, uuachie, uone kama unarudi wenyewe hadi mwisho. Ukisitasita, tafuta kingine, la sivyo utakuja kukiokota kisu chako ngazini, au atakiokota mwenzako. Pete ikiwa ngumu kupanuka, usiipanue kwa bapa, ncha itavunjika. Tumia kitoa pini za stepla. Kimetengenezwa kwa karatasi, lakini kwa pete sijaona mfano wake.

Kwenye shada, kisu kinachofaa ni cha urefu wa milimita 58 kikiwa kimefungwa. Victorinox Classic, kisu kidogo cha Uswisi, ndiyo inayojulikana zaidi: ina bapa dogo, mkasi, tupa ya kucha, kibano na kijiti cha meno, na uzito wake ni gramu 21 hivi. Usiudharau mkasi ule, mimi naugusa kuliko bapa. Kisu cha milimita 91 ni kizuri pia, ila hicho kipe mfuko wake. Kikining'inia pamoja na funguo, mfuko wa suruali utatoboka kabla hujakizoea. Ukivaa jinzi, kile kimfuko kidogo cha juu kulia kinakitosha kisu cha milimita 58 kikiwa kimebanduliwa kwenye shada. Simu iwe mfuko mwingine kabisa.

Sasa hatari yenyewe: bapa kufunguka mfukoni. Kishike kisu kikiwa kimefungwa, kikung'ute kwa nguvu, bapa likiwa limeelekea chini. Likichungulia hata kidogo, springi imelegea, na kisu hicho si cha kuchanganya na funguo. Visu vya kufungua kwa mkono mmoja, vyenye tundu au kinundu kwenye bapa, mimi siviweki kwenye shada hata kimoja. Meno ya ufunguo hujichomeka humo na kulivuta bapa nje wakati unainama kufunga kamba za viatu. Bapa la kufungua kwa ukucha lina kimfereji chembamba tu, ni vigumu ufunguo kupata pa kushika.

Usihofu kwamba funguo zitayafanya makali kuwa butu, yamejificha ndani ya mpini. Kitakachochunika ni plastiki ya mpini. Adui ni uchafu wa mfukoni, zile nyuzi na vumbi vinavyojaa kwenye bawaba. Zamisha kisu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kifungue na kukifunga mara kadhaa humo humo, kausha vizuri, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, ufute yaliyozidi. Mafuta hayo usiyapeleke kwenye kitasa, yanakusanya vumbi. Ufunguo ukikwama, usugue meno yake kwa penseli laini, uingize na kuutoa mara chache.

Wenye magari, bandueni ufunguo wa gari kabla ya kuuchomeka kwenye swichi. Mwaka 2014 General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, iliagiza yarudishwe kutengenezwa magari mengi yenye swichi ambayo ingeweza kujizima safarini, na ilipokuwa ikisubiri kuyatengeneza iliwaambia wenye magari waondoe kila kitu kwenye pete, ubaki ufunguo wa gari peke yake. Swichi yako ikiwa nzima, bado shada zito likining'inia hapo linaichosha bure.

Kuhusu sheria, ulizia za mahali ulipo kabla ya kununua, maana urefu wa bapa unaoruhusiwa na visu vyenye kufuli ya bapa hutofautiana sana nchi na nchi. Uwanja wa ndege kisu kiende kwenye begi la kukabidhi, na ukibandue nyumbani, si kwenye foleni ya ukaguzi. Mahakamani na shuleni kibaki kwenye droo. Hapo ndipo utakapokishukuru kibanio.