Taa ya dari ya mtumba: ifungue tumbo kwanza

Taa yenyewe ni ya shaba, mikono mitatu, niliipata kwenye rundo la vyombo vya nje kwa shilingi 30,000. Muuzaji aliichomeka, ikawaka, tukaagana. Kumbe kuwaka pale sokoni si hoja. Nilipoifungua nyumbani na kukunja waya wa ndani kidogo tu, plastiki yake ilimwagika mezani kama maganda ya karanga.

Kwa hiyo nusu ya kazi hii inafanyika mezani.

1. Chomoa kila kitu. Anza kukagua karibu na holda (kishikio cha balbu), maana joto la balbu za zamani za wati 60 huukaanga waya hapo. Ukiwa mgumu au umepiga weusi, usizungushie tepu. Badilisha wote, weka waya laini wa nyuzi nyingi wa milimita za mraba 0.75, na uikague holda pia: ikiwa na ufa, tupa.

2. Jua taa imetoka wapi. Ya Ulaya: kahawia ni laivu (waya unaoleta umeme), bluu nyutro (unaourudisha), kijani chenye mstari wa njano ni ethi (wa usalama, unaokwenda ardhini). Nyumba zetu za zamani zina nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Sasa kwenye taa ya Marekani, waya mweusi ndio laivu, mweupe nyutro! Hapo mafundi wengi huteleza. Balbu zake za volti 120 usiziweke kwenye 230 yetu, na kama ina transfoma ndani, achana nayo.

3. Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye mlio, inayolia waya ukiwa umeungana, balbu zikiwa nje. Laivu ilie na ulimi wa katikati wa holda, nyutro ilie na kikombe chenye nyuzi za skrubu. Kati ya laivu na nyutro, kimya. Kati ya yoyote kati ya hizo na mwili wa shaba, kimya kabisa.

4. Zima meni swichi (swichi kuu ya nyumba), si swichi ya ukutani peke yake. Jaribu testa (bisibisi ya kupimia umeme) kwenye soketi yenye umeme kabla ya kuzima, ujue ni nzima, kisha pima nyaya za darini. Funga kwa konekta. Ethi iende kwenye mwili wa taa. Uzito ubebwe na skrubu zilizoingia kwenye mbao, siyo jipsamu, wala waya.

Maswali ya wanachama

Fundi, testa inawaka kwenye waya zote mbili lakini balbu haiwaki. Nina laivu mbili?
Hapana mkuu, nyutro imekatika mahali. Umeme unapita ndani ya balbu na kutokea upande wa pili, hauna pa kurudi. Toa balbu zote za laini hiyo, waya mmoja utanyamaza: huo ndio nyutro. Zima meni, ufuate viungo vyake.

Nimezima swichi, balbu ya LED inapepesa usiku kucha.
Mara nyingi swichi imekatia nyutro, kwa hiyo laivu inabaki kwenye holda. Balbu imezimwa, ila ukiigusa vibaya inakupiga. Laivu ndiyo ipite swichini. Kama swichi yako ina taa ndogo ndani, nayo huleta hali hiyo.

Breka inaruka nikiwasha.
Toa balbu zote, washa. Ikitulia, rudisha moja moja mpaka umjue mkorofi. Ikiruka bado, zima meni, ishushe taa, ziba ncha za waya, jaribu tena. Ikiruka bila taa, shoti iko ukutani. Hapo mwite fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji).

Dari langu lina waya mbili tu, hakuna ethi. Naruhusiwa kuifunga hivyohivyo?
Dada, ya shaba hapana. Vuta waya wa ethi kwanza, au tafuta taa ya plastiki.