Kumfundisha Mtoto Mdogo Nyumbani: Panga Kwanza Usomaji wa Kila Siku

Nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka tisa kabla ya kumfundisha binti yangu nyumbani, hapa Morogoro, tangu alipokuwa na miaka minne na nusu hadi alipoingia shule ya msingi. Darasani nilikutana mara nyingi na mtoto anayesoma ukurasa mzima bila kukwama, kisha akiulizwa ni nani aliyeanguka mtoni, anakutazama tu. Kiswahili huandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto akishazishika ba, be, bi, bo, bu na wenzake, anaweza kulitamka hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Urahisi huo ni neema, lakini humdanganya mzazi akadhani kwamba mtoto amekwisha kujua kusoma, kumbe anatamka tu. Kinachompa mtoto maana ni maneno mengi aliyoyasikia kabla ya kuyaona, na ndiyo sababu ninakushauri, mzazi mwenzangu, uanze kupanga usomaji wa kila siku kwa sauti kabla hujanunua chati ya herufi au daftari lolote.

Hatua ya kwanza: zungumza na shule mapema

Mwongozo huu unahusu mtoto wa miaka minne hadi sita. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe shule ya msingi, kwa hiyo kumfundisha nyumbani katika umri huu ni maandalizi ya shule wala si njia ya kuikwepa. Mtembelee mwalimu mkuu wa shule unayokusudia kumpeleka, umweleze mpango wako, na umuulize ni taratibu zipi za uandikishaji unazopaswa kuzifuata na angependa mtoto aje akiwa anaweza nini. Mimi niliambiwa mambo matatu: ashike penseli vizuri, ahesabu vitu hadi ishirini, na aweze kukaa akasikiliza hadithi hadi mwisho. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejikita katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na lile jambo la tatu aliloniambia mwalimu, la kusikiliza hadithi hadi mwisho, ndilo linalobeba mengine.

Hatua ya pili: chagua wakati na mahali pasipobadilika

Sisi tulisoma saa tatu asubuhi, baada ya uji, kwenye mkeka barazani, kabla jua halijafika pale tulipokaa. Anza na dakika kumi na tano. Mtoto wa miaka minne akipewa nusu saa siku ya kwanza atachoka, na kesho yake akiuona mkeka atakimbilia uani. Kama unatoka kwenda kazini alfajiri, soma usiku baada ya chakula, na usione kuwa wakati huo ni pungufu. Kwa mtoto wa umri huu masomo yote ya siku, pamoja na usomaji, hayahitaji kuzidi saa mbili, na saa hizo zigawanywe vipande vifupi kwa michezo na kazi ndogondogo za nyumbani.

Hatua ya tatu: tafuta vitabu vichache vilivyo vizuri

Vitabu vitano vya picha vinatosha kwa mwezi wa kwanza. Tafuta chenye sentensi moja hadi tatu katika kila ukurasa, picha zinazoongeza jambo ambalo maneno hayakulisema, na Kiswahili sanifu kisicho na harufu ya tafsiri. Maktaba za mikoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania zina vitabu vya watoto, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao unayoweza kusomea vitabu vya kiada. Mradi wa African Storybook nao umeweka mtandaoni hadithi nyingi za watoto, zikiwemo za Kiswahili, na zinaruhusiwa kuchapwa bure. Mimi nilizichapa kwenye duka la steshenari, nikazikunja na kuzishona mgongoni kwa uzi wa gunia, na binti yangu akavipenda vitabu hivyo kuliko vya dukani kwa sababu aliviona vikizaliwa. Kitabu cha mtumba cha Kiingereza chenye picha nzuri usikitupe, bali kisimulie kwa Kiswahili ukifuata picha.

Hatua ya nne: kaa na kitabu kimoja wiki nzima

Wazazi wengi huniambia kwamba mtoto atachoshwa na kurudia. Kwa uzoefu wangu anayechoka ni mzazi. Mtoto anayesikia hadithi mara ya nne hashughuliki tena na kitakachotokea, na hapo ndipo anapopata nafasi ya kuyasikia maneno yenyewe.

Chukua ile hadithi ya kuku aliyeazima sindano kwa mwewe akaipoteza, ikawa hadi leo kuku anachakura ardhi akiitafuta na mwewe anachukua vifaranga kulipiza. Jumapili usiku isome peke yako, kwa sauti, uamue utasimama wapi. Usisimame zaidi ya mara tatu. Mwanzoni nilikuwa ninauliza maswali kila ukurasa kama mkaguzi, na baada ya wiki mbili mtoto akawa ananiambia, "Mama, leo tusisome." Nilipoacha kumkatiza, alirudi mwenyewe mkekani.

Jumatatu mwoneshe jalada, mwache aseme anachokiona, kisha soma bila kukatiza hadi mwisho. Jumanne chagua maneno mawili tu. Katika hadithi hii mimi nilichagua kuazima na kuchakura. Neno la kwanza nililieleza kwa ngazi tuliyoichukua kwa jirani, kwamba kuazima ni kuchukua kitu ambacho utakirudisha kilekile. Neno la pili tulilimaliza uani, tukimtazama kuku wetu anavyorusha mchanga nyuma kwa mguu mmoja, anarudi hatua, anainama kuangalia. Siku chache baadaye nilimsikia akimwambia bibi yake, "Bibi, unachakura nini kwenye mkoba?" Hakuna zoezi la kuandika ambalo lingenionesha vizuri zaidi kwamba neno limeingia.

Jumatano uliza maswali ya kwa nini, kwa sababu maswali ya nani na wapi hujibiwa kwa neno moja na mazungumzo yanafia hapo. Nilipouliza kwa nini mwewe hakumsamehe kuku, alinyamaza muda mrefu, nami nikajizuia nisimjibie.

"Labda sindano ilikuwa ya mama yake," akasema.

Kitabu hakikusema hivyo. Alikuwa amefikiri mwenyewe kwamba kitu kidogo kinaweza kuwa na thamani ambayo mwingine haioni, na ninamwomba kila mzazi ajifunze kukaa kimya kwa zile sekunde kumi ambazo fikra kama hiyo inazihitaji.

Alhamisi soma ukipitisha kidole chini ya maneno, polepole, ili mtoto aone kwamba sauti yako inafuata mistari kutoka kushoto kwenda kulia. Kila unapofika neno kuku, nyamaza, yeye alitamke. Ijumaa kitabu kinakuwa mikononi mwake na yeye ndiye anayekusimulia. Usimsahihishe akiruka tukio. Akimaliza, mwambie sehemu uliyoipenda. Akikosea upatanisho, kwa mfano akisema "sindano kimepotea", wewe irudie sentensi yake kwa njia sahihi ndani ya mazungumzo, "Kumbe sindano imepotea!", na sikio lake lenyewe litamrekebisha.

Hatua ya tano: masomo mengine yatoke ndani ya hadithi

Kwa hesabu, tumia vizibo vya soda kama vifaranga: walikuwa watano, mwewe akachukua wawili, wamebaki wangapi? Kwa kusoma, anza na irabu tano, kisha maneno yanayorudia silabi moja, yaani kuku, mama, baba, dada, kaka, bibi, kwa kuwa mtoto akiijua silabi moja amelipata neno zima. Fundisha sauti ya herufi kabla ya jina lake, maana mtoto aliyezoea kuita "ka" kila aionapo k husumbuka anapokutana na ku. Mwewe, ng'ombe na ngoma ziache hadi silabi nyepesi zizoeleke. Tofauti ya ng' na ng ni ya masikio kwanza, na atakuwa ameisikia mara nyingi katika usomaji wenu. Kwa kuandika, achore sehemu moja ya hadithi, nawe uandike chini ya picha sentensi aliyoitamka yeye, neno kwa neno.

Hatua ya sita: andika kitabu cha nyumbani

Usomaji wa kila siku hauhitaji kila mtu wa nyumba awe msomaji. Mama yangu hakusoma shule, lakini akisema "Paukwa!" watoto wote huitikia "Pakawa!" kabla hajakaa vizuri. Nilinunua daftari gumu, nikawa ninaziandika hadithi zake kama anavyozisimulia, pamoja na nyimbo zake, na nikaacha ukurasa wa kulia wazi kwa ajili ya picha za mtoto. Kwa mwaka mmoja tulipata hadithi kumi na nne. Kitabu hicho kilikuwa na zamu yake ya wiki kama vingine, na bibi alipokuwapo aliketi karibu na kutukumbusha sauti ya fisi ilivyopaswa kuwa.

Hatua ya saba: weka kumbukumbu fupi

Kila Ijumaa niliandika mistari mitatu: jina la kitabu, maneno mawili ya wiki, na jambo moja alilolisema mtoto. Mkitoa chozi la kuchoka wiki fulani, andika hilo pia, kisha wiki inayofuata punguza dakika. Nilipompeleka shule nilimpa mwalimu wake daftari hilo, akalipitia mbele yangu hadi ukurasa wa mwewe, akamwita binti yangu karibu na kumuuliza ilikuwaje kuhusu ile sindano.