Njaa ya Alasiri: Namna ya Kumlisha Kijana Nyumbani Asitegemee Soda na Vitu vya Paketi

Mzazi anayelalamika kwamba kijana wake hali chakula cha nyumbani bali hushinda kwa soda, biskuti na krispi, aanze kwa kutazama saa kabla ya kutazama tabia. Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba kijana huondoka asubuhi akiwa amekunywa chai ya rangi na kipande cha boflo, hurudi kutoka skuli mchana akala kilichopo, kisha huenda chuoni kusoma Kurani au kwenye masomo ya ziada, na anaporudi baina ya alasiri na magharibi hukuta jiko limezimwa na sufuria zimeoshwa. Chakula cha usiku bado kiko mbali. Njaa anayoisikia wakati huo ni njaa ya kweli, kwa sababu mwili wa kijana anayebalehe hurefuka, hujenga mifupa na huongeza damu kwa kasi ambayo hataipata tena maishani, na kitu cha kwanza ambacho mkono wake utakifikia ndicho atakachokila. Kwa maoni yangu, familia itakayoweza kuitengeneza saa hiyo moja itakuwa imemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Kabla ya kubadilisha chochote, tumia wiki moja kuangalia. Tazama jioni kilichomo katika ndoo ya taka, uliza kwa upole pesa za skuli zinanunua nini, na utambue ni nani anayevileta vitu hivyo nyumbani, kwa kuwa mara nyingi si kijana mwenyewe. Huenda ikawa ni baba anayerudi Ijumaa na kreti ya soda, mama anayeweka katoni la biskuti kwa ajili ya wageni, au bibi anayemtuma mjukuu wake dukani na kumwachia chenji. Uzungumze kwanza na wakubwa hao, na kwa bibi uzungumze kwa heshima inayomstahiki: aombwe kwamba ile shilingi anayomkirimu mjukuu awe anampa kwa njia ya embe, chungwa au ndizi, naye ataendelea kuwa mkarimu kama alivyozoea.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito, nayo ni kupika kwa ajili ya alasiri. Haihitaji jiko la pili wala gharama kubwa. Wakati chakula cha mchana kinapikwa, chemsha pembeni muhogo, viazi vitamu au mahindi, au tia motoni shelisheli kama ni msimu wake. Pika kunde au choroko za nazi nyingi kuliko mahitaji ya mchana. Chemsha mayai mawili matatu. Chakula hicho kiwekwe juu ya meza kikiwa kimefunikwa kwa kawa, mahali ambapo kijana atakiona mara tu anapoingia, na vitu vya nazi, ambavyo huharibika upesi kwa joto letu, vitiwe ndani ya friji au vipashwe moto vizuri kabla ya kuliwa. Biskuti za wageni ziondolewe kabatini mwa jikoni na ziwekwe pasipoonekana. Kijana mwenye njaa hafungui makabati manne kutafuta kitu ikiwa mbele yake pana muhogo na samaki wa kukaanga aliyebaki mchana.

Jitahidi kila alasiri pawepo na kitu cha kujenga mwili pamoja na kile cha wanga, kwani muhogo peke yake hushibisha kwa muda mfupi. Dagaa wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao wana madini ya chokaa (kalsiamu) ambayo mifupa ya kijana inayahitaji sana. Kiwango kinachotumiwa Marekani kwa umri wa miaka 9 hadi 18 ni miligramu 1,300 kwa siku. Wasichana waangaliwe zaidi kwa upande wa madini ya chuma, kwa sababu wanapoanza hedhi hupoteza damu kila mwezi, na viwango hivyohivyo vinataja miligramu 15 kwa siku kwa msichana wa miaka 14 hadi 18, wakati mvulana wa umri huo anahitaji 11. Kunde, choroko na mboga za majani zina madini hayo, lakini mwili huyafyonza vizuri zaidi vikiliwa pamoja na ndimu, chungwa au embe, na huyafyonza kidogo vikiteremshwa kwa chai. Kwa hiyo chai ya alasiri isubiri kama saa moja baada ya kunde, jambo ambalo ni dogo kulitekeleza na watu wengi hawajaambiwa.

Kuhusu soda, hesabu inatosha kuwa hoja. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ambayo mtu huipata kwa siku, na ingekuwa bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa anayekula kalori 2,000, hizo ni takriban gramu 50 au 25. Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina karibu gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai hivi. Mwite kijana apime mwenyewe vijiko hivyo tisa ndani ya bilauri tupu, kisha umwachie afikiri bila ya kumhutubia. Juisi ya nyumbani nayo isidhaniwe kuwa salama kwa sababu tu imetoka katika embe au bungo la shamba, maana sukari tunayoitia huweza kuifikia soda. Ipunguzwe polepole: jagi lililokuwa likitiwa vijiko vinane litiwe saba wiki hii na sita wiki ijayo, na ulimi utazoea bila ya ugomvi. Maji baridi yawepo daima, na dafu likipatikana ni zuri.

Vinywaji vya kuongeza nguvu ni jambo jingine na ningependa vizuiwe kabisa. Kopo la mililita 250 la aina nyingi huwa na takriban miligramu 80 za kafeini pamoja na sukari nyingi, na jumuiya ya madaktari wa watoto wa Marekani ilishauri mwaka 2011 kwamba havifai kwa watoto wala kwa vijana. Huku kwetu huingia nyumbani zaidi wakati wa mitihani, kijana akitaka kukesha na vitabu, ilhali mtu wa umri wake anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi ili alichokisoma kikae kichwani.

Vyakula vya kukaanga sipendekezi vipigwe marufuku. Bajia, katlesi, sambusa na kachori ni sehemu ya maisha yetu, na kijana anayekatazwa nyumbani atavila barazani kwa wenzake. Afadhali vipikwe nyumbani mara moja au mbili kwa wiki, kwa mafuta ambayo hayajarudiwa hadi yakawa meusi, yenye povu na moshi. Urojo hasa unafaa kuwa somo la jikoni. Mpe kijana, awe wa kiume au wa kike, kazi ya kuupika mwishoni mwa wiki: achanganye unga na manjano, atie ukali wa embe bichi au ndimu, achemshe viazi vingi, atengeneze bajia za kunde, akune nazi ya chatine, achemshe mayai, na krispi azinyunyize kidogo juu badala ya kujaza bakuli. Bakuli la namna hiyo ni mlo kamili, na aliyelipika kwa mikono yake hujua kilichomo. Ubuyu pia unaweza kupikwa nyumbani kwa sukari ndogo na bila ya rangi.

Vile vya paketi vinavyoendelea kununuliwa visomwe nyuma. Jedwali huandika kiasi cha sukari kwa kila gramu 100, na paketi huenda ikawa na zaidi ya hizo. Palipoandikwa sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi, na ukumbuke kwamba mtu mzima anashauriwa asifikie gramu 5 kwa siku nzima.

Mazungumzo yafanyike mkiwa wawili, kamwe si mbele ya wageni au ndugu zake, na mwili wake usitajwe. Msichana anayeambiwa kwamba amenenepa huacha kula mchana, kisha usiku hula biskuti kwa kujificha, na matatizo huwa mawili. Muulize kama mtu mwenye rai: “Mwanangu, ukirudi chuoni njaa inakuuma, nikuwekee nini?” Akikujibu, “Mama, muhogo kila siku umenichosha,” chukua jibu hilo kwa uzito na mpange pamoja chakula cha wiki. Mkiweza, kuleni katika sinia moja bila ya simu, kwani anayekula huku akitazama simu hajui paketi imekwisha saa ngapi. Sikukuu muiache iwe sikukuu. Mwezi wa Ramadhani, tende, maji na uji vitangulie kabla ya vya kukaanga, na daku lisiachwe.

Yapo mambo ambayo hayatatuliwi na meza ya alasiri. Kijana anayekunywa maji kupita kiasi, anayeamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo na anayekonda ingawa anakula, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akapimwe sukari. Anayechoka upesi, mwenye weupe ndani ya kope na viganjani, apimwe damu; na mwenye jino linalouma asipewe dawa ya maumivu tu nyumbani, bali aonwe na daktari wa meno.