Jinsi ya kujua mbunge wako yuko mrengo gani

Kwanza, achana na mikutano ya hadhara. Jukwaani kila mheshimiwa hucheka na kila mheshimiwa. Mimi huanza na nyadhifa na kamati za bunge, kwa sababu huko ndiko chama humwadhibu mtu.

Usimsubiri mwasi ahame. Kifungu cha 103 cha Katiba ya Kenya kinamnyang'anya kiti mbunge anayejiuzulu kutoka chama kilichompeleka bungeni, kwa hivyo anabaki humo humo akivuta upande wake. Ndivyo Jubilee, chama tawala wakati huo, ilivyogawanyika Kieleweke (upande wa Rais Uhuru) na Tangatanga (upande wa naibu wake, Ruto) baada ya Uhuru kupeana mkono wa maridhiano na mpinzani wake Raila, Machi 2018. Mei 2020 watu wa Tangatanga wakaanza kung'olewa: Murkomen akavuliwa uongozi wa wengi katika Seneti, Susan Kihika ukiranja (kazi ya kusimamia kura za wabunge wa chama), Kindiki unaibu spika. Juni ikawa zamu ya Duale, kiongozi wa wengi katika Bunge la Taifa. Andika majina ya waliong'olewa upande mmoja wa karatasi na waliorithi upande wa pili. Kambi zitajitokeza zenyewe.

Kisha fungua Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala, kwenye tovuti ya Bunge. Zile kura za kupaza sauti ziruke, hazisemi nani alisema nini. Tafuta zilizopigwa kwa majina. Katika Seneti, kwa mambo ya kaunti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja, na kati ya 47 zinatakiwa 24.

Hapo utakutana na mirengo isiyofuata vyama kabisa. Mfano ninaoupenda ni vita vya mgao wa fedha za kaunti mwaka 2020. Mfumo mpya ungezipunguzia fedha kaunti kama Wajir na Mandera. Maseneta wakaungana wakajiita Team Kenya: Murkomen na Sakaja wa Jubilee, Mutula wa Wiper, Malala wa ANC. Viranja wakabaki wanapiga simu. Agosti 17 maseneta watatu walikamatwa, Malala akiwemo, siku kura ilipotarajiwa. Hata hivyo mrengo haukuvunjika, na Septemba wakaafikiana kwamba hakuna kaunti itakayopoteza: mfumo ungoje hadi mgao wa kaunti zote uzidi shilingi bilioni 316.5. Mwaka wa fedha 2021/22 ukawa bilioni 370. Chama kimoja peke yake kisingefika hapo.

Sasa mtafute mheshimiwa wako, na mazishini hakosi. Usimuulize yuko mrengo gani, maana atakujibu "mrengo wa wananchi". Mtajie mswada na tarehe, umuulize alipigaje kura, Hansadi ikiwa wazi kwenye simu yako.