Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutafuta Pembe Isiyojulikana kwenye Mistari Sambamba

Kabla hujaandika namba yoyote, tafuta alama za mishale kwenye mistari. Mishale hiyo, au maneno ya swali lenyewe, ndiyo inayothibitisha kwamba mistari ni sambamba. Macho hayatoshi: mistari iliyotofautiana kwa nyuzi 2 tu huonekana sambamba kabisa. Pasipo uthibitisho huo, kanuni kuu mbili za kutegemea ni hizi: pembe zilizo upande mmoja wa mstari ulionyooka hujumlika kuwa nyuzi 180, na pembe zinazotazamana pale mistari inapokatana ni sawa. Kipimapembe kiweke kando, maana michoro mingi ya maswali haya haichorwi kwa vipimo halisi.

Usambamba ukishathibitika, mstari unaoikata mistari hiyo miwili (mkato) hufanya pembe nane, lakini ukubwa ni wa aina mbili tu. Pembe kali nne (zilizo chini ya 90) ni sawa, pembe butu nne (zilizozidi 90) ni sawa, na kali moja ukijumlisha na butu moja unapata 180. Ukipewa 64, kila butu ni 116. Mkato ukiikata mistari hiyo kwa pembe mraba, zote ni 90. Mistari inayokata ikiwa miwili, funika mmoja kwa kidole ufanye kazi na mwingine. Wengi huharibu hapa kwa kulinganisha pembe za mikato tofauti.

Penye x, amua kwanza kama pembe zile mbili ni sawa au zinajumlika kuwa 180. Tuseme ni 3x + 20 na 2x + 10, zote ndani ya mistari sambamba na upande mmoja wa mkato. Jumla ni 5x + 30 = 180, hivyo x = 30, na pembe ni 110 na 70. Ukizifanya sawa utapata x = -10, yaani pembe hasi, jambo lisilowezekana. Na usiishie kwenye 30 ikiwa swali limeuliza pembe.

Swali linalosumbua zaidi ni la mstari uliopinda katikati ya mistari sambamba, ukaacha kona kama ya alama >. Ncha ya juu ina 35, ya chini 48, zote zikipimwa kati ya mistari sambamba, upande wa kulia ambako kona inaelekea. Chora mstari wa tatu, sambamba na ile miwili, upite kwenye kona. Unaigawa kona kuwa 35 na 48, jumla 83. Andika sababu pembeni mwa kila hatua. Bila sababu, jibu sahihi huweza kukosa alama.