Bomba la moto husomeka nene kuliko lilivyo
Unapopima unene wa bomba la mvuke kwa kipimo cha mawimbi ya sauti (kifaa kinachokokotoa unene kutokana na muda ambao sauti huchukua kupita ukutani na kurudi) huku mtambo ukiendelea kufanya kazi, kumbuka kwamba sauti husafiri polepole zaidi ndani ya chuma chenye joto, hivyo kipimo huonyesha unene uliozidi ule halisi kwa takriban asilimia 1 kwa kila nyuzi 55 za Selsiasi. Ukuta unaosomeka milimita 8.0 ukiwa na nyuzi 300, ilhali kipimo kilirekebishwa kwa chuma cha nyuzi 25, huenda una milimita 7.6 tu, kosa hilo, kwa bahati mbaya, huficha ulaji wa kutu badala ya kuutia chumvi. Ni salama zaidi kurekebisha kipimo kwa kipande cha chuma cha aina ileile kilichopashwa joto lilelile.